Mashine ya kuosha vyombo imegoma: chunguza maji na umeme kabla ya kumwita fundi

Natengeneza mashine za nyumbani hapa Kampala, na huwa naumia moyoni ninapopokea ada ya kufika kwa mtu, kisha kazi yenyewe ikawa ni kufungua koki au kusugua kichujio kidogo kama kifuniko cha soda. Mwenye nyumba ameosha sufuria kwa mkono siku nne, amelipa boda yangu na muda wangu, na mashine haikuwa na ugonjwa wowote.

Mashine hizi zimeundwa kwa nyumba ambazo maji huja kwa nguvu na umeme umetulia. Wengi wetu tunatumia maji ya tangi lililo juu ya paa, na umeme hushuka jioni watu wakirudi nyumbani na kuwasha pasi na majiko. Ndiyo maana mimi huanza uchunguzi nje ya mashine: umeme unaoingia, maji yanayoingia, maji yanayotoka. Ndani ya mashine naingia mwisho, na wewe ufanye hivyohivyo.

Kabla hujagusa chochote, chomoa plagi ukutani. Kuzima kwa kitufe hakutoshi. Funga na koki ya maji. Mambo yote nitakayoyaeleza hapa yanafanyika bila kufungua bati la chini wala la ubavuni. Huko ndani kuna nyaya na vifaa vinavyoweza kukupiga hata plagi ikiwa mkononi mwako, kwa hiyo paache.

Haiwaki kabisa

Kwanza angalia Yaka, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Nasema hivi kwa heshima zote, maana nimeshafika nyumba ambayo yuniti zilikwisha usiku, taa za sola zikaendelea kuwaka, na hakuna aliyejua.

Kama umeme upo, chomeka kitu kingine kwenye soketi ileile, birika kwa mfano. Birika likichemka, soketi ni nzima. Sasa itazame plagi ya mashine. Ndani ya plagi zetu za miguu mitatu mna fyuzi, na mashine hii inahitaji ya ampea 13. Chukua fyuzi kutoka plagi ya birika uijaribu hapo. Ukiona plastiki ya plagi imebadilika rangi kuwa kahawia, au inanuka kama kitu kilichoungua, usiirudishe ukutani. Badilisha plagi, na soketi pia. Chanzo kikubwa cha kuungua huko ni adapta. Mashine iliyoletwa kutoka Ulaya huja na plagi ya miguu miwili ya mviringo, mtu anaipachika kwenye adapta ya bei rahisi, na adapta ile haiwezi kubeba mzigo wa mashine inayopasha maji. Inayeyuka taratibu. Mwambie fundi umeme aikate aweke plagi ya miguu mitatu yenye fyuzi yake.

Mashine iliyotumwa na ndugu kutoka Marekani ni habari nyingine. Huko hutumia volti 120, hapa kwetu ni 240. Soma kibandiko kwenye ukingo wa mlango kabla hujachomeka. Kama kimeandikwa 120 na ulishaichomeka, hapo ni kazi ya fundi.

Kama taa za mashine zinawaka lakini haianzi, tazama mlango. Lazima usikie "tak" unapofunga. Mpini wa kijiko ukichomoza kutoka kwenye kikapu huzuia mlango usifike mwisho, na mashine haitaanza. Halafu angalia kama hukubonyeza kitufe cha kuchelewesha kuanza, au cha kuzuia watoto. Watoto wanapenda vile vitufe. Mwisho, iache plagi nje dakika 5 kisha uirudishe, hasa kama umeme ulikatika na kurudi mara mbili tatu siku hiyo. Ubongo wa mashine hukwama kama simu inavyokwama.

Unatumia sola? Mashine ikianza kupasha maji huvuta kiasi cha wati 1,800 hadi 2,000 au zaidi. Inveta ya wati 1,000 itazima papo hapo. Mashine haina kosa.

Inawaka, inanguruma kidogo, maji hayaingii

Hili ndilo tatizo ninaloliona kuliko yote, na ndilo lililonifanya niandike.

Mama mmoja wa Najjera alinipigia akiwa na uchungu wa kweli. "Fundi, mashine ni mpya, miezi mitatu tu, imeshakufa." Nilipofika sikufungua begi. Nikamwambia, "Mama, naomba ndoo ya lita 10, na simu yako tupimie dakika." Tuliufungua mpira wa maji kutoka kwenye koki, tukaweka ndoo, tukafungua koki yote. Dakika ya kwanza maji hayakufika hata theluthi ya ndoo. Ndoo ilijaa baada ya dakika tatu na zaidi. Nikamuuliza kama kuna kitu kilibadilishwa nyumbani hivi karibuni. Akafikiri, akasema fundi bomba alikuja kuhamisha maji ya jikoni kutoka bomba la National, yaani shirika la maji, kwenda tangi la juu, ili jikoni kusikose maji yanapokatika. Mashine ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa inangoja maji, inachoka kungoja, inajizima.

Hesabu yake ni hii. Tangi likiinuka mita 10 juu ya koki, unapata nguvu ya bar 1 hivi. Mashine nyingi zinataka angalau bar 0.5, yaani mita 5 za kimo. Tangi lililokaa juu ya dari ya nyumba isiyo na ghorofa liko kama mita 3 juu ya sakafu. Unapata bar 0.3 au chini ya hapo. Kwa sinki inatosha, na kuoga unaoga, lakini vali ya mashine haifunguki vizuri kwa maji dhaifu namna hiyo. Kipimo changu ni ile ndoo: lita 10 kwa dakika moja. Ikijaa kwa dakika moja au pungufu, nguvu ya maji siyo tatizo lako. Ikichukua dakika mbili au tatu, hata ukiita mafundi kumi hatutakusaidia mpaka maji yawe na nguvu. Dawa ni mojawapo ya tatu: rudisha mashine kwenye bomba linalotoka moja kwa moja mtaani, inua tangi juu ya mnara, au weka pampu ndogo ya kuongeza nguvu kati ya tangi na jiko. Pampu ndiyo wengi huchagua.

Kama ndoo imejaa vizuri, tazama mahali mpira unapoungana na mashine, au upande wa koki. Mna kichujio cha wavu mdogo sana. Kivute polepole kwa koleo ya mdomo mwembamba. Maji yakikatika kisha yakarudi, huja mekundu dakika za kwanza, na ule udongo wote hukimbilia kwenye wavu huu. Nimeutoa ukiwa umefungwa kabisa, mwekundu kama tofali la Kajjansi. Usugue kwa mswaki wa zamani chini ya maji, urudishe. Usiuache nje ukisema maji yatapita vizuri zaidi: mchanga utaingia kwenye vali, na vali ni ya kununua. Kama unarudia kazi hii kila mwezi, tatizo liko ndani ya tangi lako, chini kabisa; lioshe.

Tahadhari moja. Baadhi ya mipira ina kiboksi cha plastiki upande wa koki, chenye waya wa umeme ndani ya mpira. Hicho huzuia mafuriko. Usikitumbukize kwenye maji na usikikate kwa sababu yoyote.

Kagua pia kama mpira haukujikunja nyuma ya mashine iliposukumwa ukutani. Ndani ya mashine, kwenye sakafu yake, nyingi zina boya la plastiki mfano wa uyoga. Linyanyue na uliachie. Lishuke lenyewe. Likikwama juu kwa mafuta yaliyoganda, mashine inadhani imeshajaa.

Maji yamebaki chini, hayatoki

Teka maji kwa kikombe, yaliyobaki yafyonze kwa sifongo. Zungusha chujio lililo chini kinyume cha saa, litoe. Likiwa na utando wa mafuta, lioshe kwa maji moto na sabuni.

Chini ya chujio utaona shimo. Humo ndimo pampu ya kutoa maji inamokaa, mara nyingi chini ya kifuniko kidogo cha plastiki kinachochomolewa kwa ncha ya kijiko. Vaa glavu nene kabla ya kuingiza kidole, kwa sababu kitu kinachopatikana humo mara nyingi ni kipande cha glasi, na glasi ndani ya maji machafu haionekani. Papasa utakuta kigurudumu chenye mabawa madogo. Jaribu kukizungusha. Kinazunguka kwa kusitasita, kama kinavutwa na sumaku, na ndivyo kinavyotakiwa. Kisipozunguka kabisa, kuna kitu kimekibana. Nimetoa humo kijiti cha meno, mbegu ya chungwa, kipande cha karatasi ya chupa ya jemu, na mara moja mfupa wa samaki aina ya ngege, mwembamba kama sindano, umejipinda kuzunguka bawa mara moja na nusu. Pampu ilikuwa inalia "mmmm" bila kuzunguka. Niliutoa kwa kibano cha nyusi cha mwenye nyumba, na mashine ikamwaga maji palepale. Ndiyo maana nawaomba watu wapangushe sahani za samaki kwenye ndoo ya taka kwanza. Kuzisuuza hakuna haja, kupangusa kunatosha.

Pampu ikiwa safi, fuata mpira wa kutolea maji. Kwenye mashine nyingi unatakiwa upande juu kabla ya kuingia kwenye bomba la sinki, kimo cha sentimita 40 hadi 100 kutoka sakafuni. Ukilazwa chini tu, maji machafu ya sinki hurudi ndani ya mashine, na mtu anadhani hayatoki. Na kama sinki limewekwa jipya na mashine haijawahi kutoa maji hata siku moja, fungua mahali mpira unapoingia kwenye bomba la sinki. Viungo vingi huja vimezibwa kwa plastiki nyembamba ambayo fundi bomba alipaswa kuitoboa.

Vyombo vinatoka na uchafu

Tazama mikono ile inayozunguka na kurusha maji. Ichomoe, mingi inatoka kwa kuvutwa au kwa kufungua skrubu moja ya plastiki. Inua juu ya dirisha uangalie matundu. Punje za wali na mbegu za pasheni hukaa sawasawa ndani ya matundu hayo kana kwamba zilipimwa. Tumia kijiti cha meno, kisha tikisa mkono ule chini ya bomba mpaka usisikie kitu kikichezacheza ndani.

Kabla ya kuwasha, zungusha kila mkono kwa kidole. Ukigonga mpini wa sufuria, hautazunguka usiku kucha, na vyombo vya upande mmoja vitabaki kama vilivyoingia.

Chakula chetu kina mambo yake. Mchuzi wa karanga una mafuta mengi, na posho (ugali) iliyokauka kwenye sufuria inashika kama saruji. Programu fupi ya nusu saa yenye maji ya vuguvugu haiwezi hivyo. Loweka sufuria ya posho nusu saa kwanza, na tumia programu ya nyuzi 65 au 70 kwa vyombo vya binyebwa, yaani huo mchuzi wa karanga.

Sabuni nayo ni jambo. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono haifai kabisa humu, wala ya unga ya kufulia. Hutoa povu, pampu inapiga hewa badala ya maji, na povu linatafuta njia kupitia mlangoni. Kama ilishatokea, zima, teka povu, mwaga siki kikombe kimoja, endesha suuza ya maji baridi mara mbili au tatu mpaka povu liishe.

Ukungu mweupe kwenye glasi

Watu wa Kampala na Entebbe husoma kitabu cha mashine, wanaona "chumvi", ile ya kusaidia kulainisha maji yenye chokaa, wanamwaga chumvi kila wiki. Maji yanayovutwa kutoka Ziwa Victoria ni laini, yana chokaa kidogo sana. Mashine ikitoka kiwandani huwa imepangiwa maji magumu kuliko haya. Shusha kipimo cha ugumu wa maji mpaka chini kabisa kwenye mipangilio.

Kujua chanzo cha ukungu, paka siki au ndimu kwenye glasi moja. Ukiondoka, ni chokaa, na pengine unatumia maji ya kisima. Birika lako litakuthibitishia: litakuwa na ganda jeupe ndani. Hapo chumvi ni ya lazima. Usipoondoka, glasi imelika: sabuni nyingi na joto kali ndani ya maji laini huchuna uso wa glasi, na haurudi tena. Punguza sabuni kwa nusu ili uziokoe zilizobaki.

Chumvi yenyewe iwe ile ya chenga kubwa iliyotengenezwa kwa mashine hizi. Ya mezani ni laini mno, inaganda ndani ya tangi lake. Na tafadhali, ile ya mawe inayotoka ziwa Katwe usiitie. Kwa ng'ombe ni nzuri, lakini ina udongo na madini mengine, nayo itaharibu kilainisha maji ambacho ni ghali.

Maji sakafuni

Futa kwanza raba ya mlango kwa kitambaa chenye maji moto, hasa pembe za chini, halafu ipapase kama imepasuka. Weka chupa ya maji imelala juu ya mashine uone kama inabingirika. Mashine iliyoinamia mbele huvuja mlangoni bila raba kuwa na kosa, na miguu yake inazungushwa kwa mkono. Kisha angalia mipira nyuma kwa tochi. Panya hupenda kujificha kwenye joto la chini ya mashine, na mpira wa kutolea maji ni laini kwa meno yao.

Maji hayapati moto, au yanachelewa

Baada ya dakika 25 hivi za programu ya moto, simamisha na ufungue mlango kidogo. Usikie mvuke usoni na sahani ziwe moto mkononi. Zikiwa baridi, koili ya kupashia au kihisi chake kimekufa, niite.

Zikiwa vuguvugu na mashine inachukua saa tatu badala ya mbili, shuku umeme kabla ya koili. Nguvu ya koili hushuka haraka kuliko volti: kwenye volti 180 badala ya 240, koili hutoa kama asilimia 56 tu ya moto wake. Mwenye stebilaiza atasoma volti kwenye kioo chake. Asiye nayo aoshe asubuhi mapema siku moja alinganishe muda. Ukiona tofauti kubwa, badilisha saa ya kuosha, au nunua stebilaiza ya wati zinazotosha. Stebilaiza ndogo za televisheni hazitoshi.

Plastiki kutokauka si ugonjwa. Haishiki joto kama udongo na glasi. Fungua mlango kidogo programu ikiisha, na ujaze dawa ya kusuuzia.

Kelele na harufu

Kugongagonga kwa mpigo ni mkono unaogonga sahani. Kusaga kama mchanga ni kitu ndani ya pampu. Mashine iliyolala miezi bila kazi ikinguruma tu bila kuzungusha maji, raba za mota zimekauka: mwaga lita 2 za maji moto ndani ya mashine, chini, ngoja saa moja, ujaribu tena. Nimeokoa mashine kadhaa hivyo.

Harufu hutoka kwenye chujio na kwenye ukingo wa chini wa mlango ambao maji hayafiki. Futa hapo, kisha endesha programu ya moto bila vyombo na kikombe cha siki. Usichanganye siki na jiki kamwe. Hewa inayotoka ni sumu, na jiki yenyewe inakula chuma cha ndani.

Breka inaanguka

Ikianguka mara moja, irudishe. Ikianguka tena, hasa maji yanapoanza kupata moto, chomoa plagi na usijaribu mara ya tatu. Maji na umeme vinakutana mahali fulani. Mtu aliyezuia breka kwa kijiti ili amalize kuosha amehatarisha watoto wake.

Herufi zinazotokea kwenye kioo

Ziandike au zipige picha kabla ya kuzima. Kwenye Bosch, E15 ni maji yaliyomwagika kwenye sinia la chini, E24 na E25 ni maji kutotoka. Samsung huandika 4C kwa maji kutoingia, 5C kwa kutotoka, LC kwa kuvuja. LG ni IE kwa maji kutoingia na OE kwa kutotoka. Kwa E15 kuna watu huinamisha mashine maji yamwagike na ikawaka tena. Inawaka kweli, lakini uvujaji bado upo, na usipoutafuta itarudi.

Ukinipigia

Nitumie picha ya kibandiko kilicho kwenye ukingo wa mlango, chenye namba ya modeli. Niambie ndoo ya lita 10 ilijaa kwa muda gani, mashine ilifika hatua ipi kabla ya kusimama, na ulichokwisha kukijaribu. Kama kuna kitu ulikitoa kwenye pampu, kihifadhi kwenye kikombe unionyeshe. Kwa habari hizo nitakuja na kifaa sahihi mkononi, na utanilipa safari moja badala ya mbili.